Mkono Ndani ya Gunia

Nilimnyima mjukuu wangu mstari mmoja. Sikumnyima shamba, wala mbuzi, wala kitenge. Mstari mmoja tu wa maneno, ambao hata mimi niliyeishia darasa la tatu ningeuandika kabla chai haijapoa. Aliniomba, nikamtazama usoni, nikasema sina.

Watu wa kwetu wananijua kama mtu asiyemeza neno. Nikiona sketi imekaa vibaya nasema. Nikipewa mlenda wenye mchanga nasema nikiwa bado nao mdomoni. Sifa hiyo nimeivaa maisha yangu yote, na nadhani ndiyo iliyonisaidia kuficha. Nani atamshuku mwanamke mwenye domo kama langu kwamba kuna kitu amekikalia?

Miaka kumi na saba nilisimama kwenye mlango wa ghala la kiwanda cha mafuta ya alizeti, hapa Ilongero. Kazi yangu ilikuwa kupokea mbegu. Mkulima analeta magunia yake, kwa mkokoteni wa ng'ombe, kwa bodaboda, mwingine kichwani, na mimi ndiye ninayesema: hii imekauka, iingie, hii bado, irudi juani. Nikisema irudi, inarudi. Nilishamrudisha mchungaji wangu na magunia yake sita, na Jumapili nikakaa benchi la mbele nikaimba kwa sauti. Nilishamrudisha shemeji yangu, akakaa mwaka mzima hasemi nami, na mwaka uliofuata akaleta mbegu kavu.

Sikuwa nafanya ukali wa bure. Mbegu mbichi ukiirundika ghalani inajipasha moto yenyewe, kama samadi. Baada ya siku chache inaota ukungu, mafuta yake yanakuwa machungu na yananuka, na mashudu yake, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua, hata ng'ombe huwezi kumlisha. Gunia moja bovu linaharibu yote yanayoligusa. Zamani kiwanda kilikuwa na kipimo cha unyevu, kidude cha chuma chenye kioo. Kikaharibika. Meneja akasema, tununue kingine cha nini na bibi yupo? Neno hilo nililibeba kama mtu anavyobeba mtoto wake wa kwanza. Vijana wenye vyeti vya chuo walitoka ofisini na viatu vyao vinavyong'aa, wakaja kusimama kwenye vumbi langu, wakauliza, "Bibi, na hii je?"

Mjukuu huyu ni mtoto wa binti yangu wa pili. Nimemlea tangu hajaota meno, na kwa utani wetu ananiita mke mwenza, kwa kuwa babu yake kabla hajafariki alikuwa akimwita mke wake mdogo. Alisomea mambo ya kompyuta Dodoma, akarudi, akapata kazi kiwandani kwetu kwa majaribio. Ofisi yake ilikuwa hatua hamsini kutoka mlango wangu. Kila asubuhi alipita na mkoba wake, akapiga goti kidogo, "Shikamoo, mke mwenzangu." Nami namjibu, "Marahaba, mwizi wa waume."

Mwaka huo kiwanda kilifungua vituo viwili vya kupokelea mbegu, kimoja Ihanja kando ya barabara kuu, kingine Mgori. Mimi ni mtu mmoja, sikatwi vipande vitatu. Ndipo mjukuu wangu akaleta jambo lake. Watu wa kompyuta wanaliita wiki, lakini kwetu wiki ni siku saba, kwa hiyo kiwandani tukaliita Daftari. Halina karatasi. Linakaa kwenye simu na kwenye kompyuta za ofisini, na kila mfanyakazi ana jina lake na neno lake la siri la kuingilia. Kila kazi ina ukurasa wake. Anayejua anaandika, anayejua zaidi anaongeza, aliyeona kosa anasahihisha, bila kuomba ruhusa kwa mtu. Aliyeko Mgori anasoma kilekile anachosoma wa Ilongero.

Meneja aliitisha watu wote uani akamwambia mjukuu wangu mbele yetu, "Daftari hili likitusaidia msimu huu, nakuajiri moja kwa moja. Lisiposaidia, tutaagana kwa wema." Mjukuu akaitikia kwa kichwa. Alikuwa na mipango yake, mdogo wake alikuwa sekondari, na mama yake kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua. Nilijua yote hayo. Naandika kwamba nilijua ili asije mtu akanitetea.

Fundi wa mashine, mtu mwenye tumbo kubwa na mdomo mkubwa kuliko tumbo, akanigeukia. "Bibi, wakishaandika yote yaliyomo kichwani mwako, kichwa chenyewe watakurudishia au watakiweka stoo?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikamwambia, "Cha kwako hakitawasumbua, kitaingia kwenye kiberiti." Wakacheka zaidi. Lakini neno lake lilikuwa limeingia kama mwiba wa mgunga, ule unaokatikia ndani.

Mjukuu alianza na mimi. Alikuja mlangoni asubuhi, akageuza ndoo, akakalia, kompyuta mapajani. "Haya, mke mwenzangu. Mimi ni mtu wa Ihanja, sijui lolote. Nifundishe."

Nikamfundisha. Chota mbegu mkono mmoja, zifumbate, zitikise karibu na sikio. Mbegu kavu inalia kama changarawe. Mbichi inakaa kimya kama mtu aliyeshiba. Ing'ate: ganda la mbegu kavu linapasuka mara moja, la mbichi linanyumbuka kwanza. Itazame rangi. Angalia gunia chini kama lina doa la maji. Alikuwa anaandika haraka kuliko nilivyosema, na aliandika kwa maneno yangu mwenyewe, hata lile la mtu aliyeshiba. Aliponisomea nilisikia raha ambayo sijui niiite nini. Nilikuwa nimeingia ndani ya kitu kinachosomwa.

Tukiwa katikati ya hayo akafika mkulima na magunia manne. Nikachota, nikatikisa, ikalia vizuri. Nikang'ata, ikapasuka vizuri. Lakini mvua ilikuwa imenyesha juzi yake, na kwenye mshono wa gunia niliona kamchanga keusi keusi ka lami. Nikapanua mdomo wa gunia, nikazamisha mkono katikati mpaka kwenye kiwiko, nikatulia.

Nieleze hapa, maana hapa ndipo penyewe. Alizeti ikinyeshewa, watu wanaitandaza pembeni mwa lami, na jua la kwetu linaikausha ganda kwa nusu siku. Ukiitikisa inalia. Ukiing'ata inapasuka. Lakini kiini kimebaki na maji yake, na ikilala ndani ya gunia usiku mmoja inaanza kupumua. Huwezi kuiona wala kuisikia. Inabidi uingize mkono mpaka kiwikoni, utulie kwa pumzi ishirini. Kama ni bichi, kuna joto linakuja polepole, joto la unyevunyevu, kama ndama anakupumulia kiganjani.

Hili sikuzaliwa nalo. Mama mkwe wangu alikuwa akifanya hivyo kwenye kihenge cha uwele. Nilimwona akiingiza mkono, nikamuuliza, akaniambia, nenda kachote maji. Nilimchotea maji, nikamtwangia, nikamfulia, misimu mitatu, ndipo siku moja akaushika mkono wangu akauzamisha mwenyewe. Ndivyo mambo yalivyokuwa yakitolewa kwetu. Mtu alikupima kwanza. Sasa, nikawaza, mtu wa Ihanja ambaye hajawahi kunichotea hata kata moja ya maji alipate jambo hili kwa kupangusa kioo cha simu?

"Bibi, unafanya nini?" mjukuu akauliza. Alikuwa amesimama, simu mkononi, ananipiga picha huku anacheka. Mkono wangu wote ulikuwa umemezwa na gunia na kilemba kimeninginia sikioni.

"Natafuta sindano ya kushonea. Imedumbukia."

"Imedumbukiaje kwenye gunia lililokuja limefungwa?"

"Wewe umekuja kuandika au kunihoji?"

Akacheka. Nikatoa mkono, nikamwambia mkulima arudishe mzigo. Mkulima akalalamika, akaondoka. Mjukuu akauliza, "Umejuaje? Si ilikuwa inalia?"

"Nimejua tu."

"Kuna kitu kingine, bibi? Ambacho hatujakiandika?"

"Hakuna."

Mchana tukila ugali akaniuliza tena. Hakuna. Jioni, kabla ya kuuweka ukurasa hewani, akauliza mara ya tatu, "Bibi, kweli umemaliza? Maana watu wataufuata huu kama ulivyo." Nikamwambia, "Mtoto huyu unasumbua. Nimemaliza."

Mara tatu. Nimezihesabu sana tangu siku hiyo.

Daftari likaanza kazi, na sitasema uongo, lilikuwa zuri. Fundi aliyenitania aliandika ukurasa wa mashine yake, akaujaza majivuno, na mlinzi wa getini akaingia akaongeza chini: "Ikikwama, fundi huipiga teke." Fundi akafuta. Mlinzi akarudisha. Wakafutana na kurudishiana kutwa nzima mpaka meneja akaandika pale pale, "Iachwe, ni kweli." Mama wa kuchuja mafuta aliandika namna ya kuosha vitambaa, na wa Mgori wakamjibu kwamba kwao kuna majivu bora zaidi. Mtu aliyekuwa kimya mezani alikuwa na maneno kwenye Daftari.

Mjukuu akanifungulia jina langu mwenyewe, na picha yangu ndogo pembeni. Alinifundisha kubonyeza Hariri, kuandika kwa kidole, kisha Hifadhi. "Usiogope kukosea, bibi," aliniambia. "Kila kilichoandikwa kinabaki nyuma kule, hakipotei." Mimi nilisikia ile "usiogope" tu. Nikasahihisha mambo mawili matatu ya wenzangu. Nilijiona mwalimu. Na kila nilipofungua ukurasa wangu wa kupokea mbegu, nilipita juu ya pengo lile kama mtu anavyoruka ubao mbovu nyumbani kwake.

Wa Ihanja walimpata mpokeaji mpya, mama mmoja mjane mwenye watoto watatu. Alinipigia simu wiki ya kwanza. "Shikamoo bibi. Mimi ndiye ninayesoma ukurasa wako. Mtandao huku unasuasua, kwa hiyo nimeunakili wote kwenye daftari la shule la mwanangu. Naufuata neno kwa neno. Mungu akubariki." Nikamjibu marahaba. Angalia, hata hapo ningeweza kusema. Ilikuwa simu ya dakika mbili, na nusu dakika tu ingetosha.

Mwishoni mwa mavuno ikaja mvua isiyo ya wakati wake. Ilinyesha siku mbili, jua likarudi kama limekasirika. Mimi sikuwepo, nilikuwa Manyoni kwenye arusi kwa dada yangu, nacheza, nakula wali, najisifia mjukuu wangu aliyefanya kiwanda kizima kiandike. Nilikaa siku tisa.

Siku niliyorudi kazini nilinusa kabla sijafika mlangoni. Kuna harufu alizeti inatoa ikivunda, tamu kidogo, kama pombe iliyosahaulika. Mzigo wa Ihanja ulikuwa umeletwa wote ghalani na kupangwa hadi juu, na kazi ya mlango wetu ilikuwa imeachiwa watu wa kupakua, kwa sababu ulikuwa umeshapokelewa. Nikafungua gunia la kwanza nililolifikia, nikaingiza mkono. Sikuhitaji pumzi ishirini. Niliutoa kama nimegusa sufuria.

Fundi alikuwa nyuma yangu. "Bibi, nimekamua mapipa mawili tangu jana. Onja." Nilionja kwenye ncha ya kidole. Machungu. Hakufanya utani wowote, na hapo ndipo nikajua mambo ni makubwa.

Ghala likafunguliwa, magunia yakatolewa nje, mengi yakiwa na ukungu wa kijani. Alizeti ya watu wa Ihanja, waliyoilima, wakaipalilia, wakaikabidhi mikononi mwetu. Meneja alitembea kati ya magunia, mikono nyuma. Kisha akasema kesho asubuhi kikao, na mpokeaji wa Ihanja aje na ukurasa aliokuwa akiufuata.

Mjukuu wangu alikaa kwenye ngazi ya ofisi. Nikamwendea. "Ukurasa niliuandika mimi, bibi," alisema. "Nimeusoma tena wote. Sioni kosa. Umeona kosa, wewe?"

"Sijaona," nilimwambia.

Sasa nitaandika jambo ambalo naona haya zaidi ya lile la kwanza. Saa ya chakula nilikwenda nyuma ya rundo la mashudu, mahali watu hawapiti kwa sababu ya nzi. Nikatoa simu. Nikabonyeza Hariri. Kwa kidole kimoja nikaandika mstari wangu, katikati kabisa ya ukurasa, kati ya kung'ata na kutazama rangi, uonekane kama umekaa hapo siku zote: "Gunia lililonyeshewa linakauka nje na kubaki bichi ndani. Ingiza mkono mpaka kiwikoni, tulia pumzi ishirini. Ukisikia joto, rudisha." Nikabonyeza Hifadhi.

Niliona nimefanya akili sana. Mjukuu wangu amepona, nikajiambia. Ukurasa sasa umekamilika, hawana la kumlaumu. Sikujiuliza, au nilijiuliza nikanyamaza, kwamba kama ukurasa hauna kosa basi kosa ni la aliyeusoma. Nilikuwa nimelitoa jiwe kichwani kwa mjukuu nikamtwika mjane wa watu.

Asubuhi tulikaa chumba cha mikutano, watu kama kumi na watano. Mama wa Ihanja alikuja na bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope, amekumbatia lile daftari la shule lenye picha ya tembo kwenye jalada. Mjukuu akaunganisha kompyuta yake, ukurasa ukatokea ukutani, mkubwa kama shuka.

Meneja akasoma polepole. Alipofika mstari wangu akasimama. "Si hii hapa? Ingiza mkono, ukisikia joto rudisha." Akamgeukia mama wa Ihanja. "Mama, hukuusoma huu?"

Yule mama alitazama ukuta, akatazama daftari lake, akatazama ukuta. "Haukuwepo," alisema.

"Upo hapa, mama."

"Naona upo. Haukuwepo, baba. Niliandika neno kwa neno, tazama." Alilifungua daftari, akaanza kusoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno, kama mtoto. Chota mbegu mkono mmoja. Zifumbate. Mtu aliyeshiba. Ganda linapasuka mara moja. Itazame rangi. Alikuwa ameruka kutoka kung'ata kwenda rangi, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

"Labda uliuruka," akasema mtu wa ofisini.

"Sikuruka." Sauti ilianza kumkatika. "Jamani, mimi sikuruka."

Meneja akamwambia mjukuu wangu, "Si ulisema linatunza kila kitu? Hebu fungua tuone."

Ndipo nilipojifunza maana ya yale maneno, kila kilichoandikwa kinabaki nyuma kule. Mjukuu alichomoa waya kwanza, ukuta ukawa mweupe, akageuza kompyuta upande wake. Akabonyeza mahali palipoandikwa Historia. Nilikuwa nimekaa mkabala naye. Nilimwona akisoma, macho yakaenda kulia, yakarudi, yakasimama. Daftari lilikuwa limeandika nani na saa ngapi. Jina langu, na kapicha kangu na kilemba. Jana, saa ya chakula.

Aliniinulia macho. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu niliyemfuta kamasi.

Halafu akafunga kompyuta. "Mama wa Ihanja anasema kweli," alisema. "Mstari huo haukuwepo. Bibi aliniambia siku ya kwanza, mimi nikasahau kuuandika. Umeongezwa jana. Kosa ni langu."

Nilikuwa na mdomo, ule ule wangu mpana. Nilisikia ulimi ukigusa meno. Nikasubiri mtu aniulize, kama anavyosubiri mwizi aliye uvunguni, na hakuna aliyeniuliza. Meneja akasema amesikitika, kwamba makosa kama hayo yanaumiza wakulima, kwamba mkataba wa mjukuu wangu utaishia mwisho wa mwezi. Mama wa Ihanja alilia kwa kushukuru. Fundi akanishika bega, akasema, "Pole bibi, watoto husahau."

Pole. Nikaipokea.

Nyumbani tulikuwa tunaishi mimi na yeye tu. Asubuhi iliyofuata akapiga goti kama kawaida. "Shikamoo, bibi." Nikangoja lile neno lingine. Halikuja. Alisonga ugali, alichota maji, alikunja nguo zangu vizuri kuliko siku zote, na kila kitu kilikuwa cha heshima, heshima tupu, kama anamhudumia mgeni aliyetoka mbali. Siku nane. Ya tisa nilishindwa. Alikuwa anapepeta uwele uani.

"Kwa nini uliwadanganya?" nikamuuliza.

Hakuinua kichwa. "Ningesema nini, bibi? Kwamba ulijua ukaninyima, kisha ukaenda kuandika kwa kujificha? Watu wale wanakuja kukuuliza kila siku. Wewe huna kingine unachokipenda kama hicho."

"Ungeniumbua tu."

"Nilikuuliza mara tatu." Akapeperusha makapi. "Ya kwanza nilikuwa nauliza kwa ajili ya kazi. Ya pili na ya tatu nilikuwa nimeshajua hukuwa unatafuta sindano. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Niliingia ndani. Nikakaa kitandani nikafungua simu, jua likiwa bado juu ya paa la jikoni. Nikabonyeza Hariri. Niliandika mpaka mbuzi wakarudi, kwa kidole kile kile kilichoandika nyuma ya mashudu. Nikaandika juu kabisa ya ukurasa, si katikati: "Mstari wa kuingiza mkono niliujua tangu zamani. Mjukuu wangu aliniuliza mara tatu nikamwambia hakuna. Niliuficha ili mwendelee kunihitaji. Mzigo ulipooza nikauandika kwa siri ionekane wa Ihanja ndiye aliyekosea. Mjukuu wangu hakusahau kitu. Fungueni Historia mtaona." Nikaandika na jina langu, ingawa Daftari lingeliandika lenyewe. Nikabonyeza Hifadhi.

Kesho yake, nilipopita getini, mlinzi alisimama, akanipisha. Watu wote walikuwa wameshasoma, hadi Mgori. Fundi alinipa shikamoo kwa sauti ya msibani. Meneja aliniita. "Bibi, ungekuwa kijana ningekufukuza leo."

"Nifukuze."

Hakunifukuza, na hilo lilikuwa zito zaidi. Alimrudishia mjukuu wangu kazi, akampa ile ajira aliyoahidi. Kisha akanunua kipimo cha unyevu. Kilikuja kwenye boksi dogo, kikawekwa kwenye meza mlangoni kwangu, pale ninapowekaga kikombe changu cha chai. Mwezi uliofuata niliomba mwenyewe kuondoka mlangoni. Sasa nazunguka vituoni msimu ukifika, nafundisha mikono ya watu, mmoja mmoja, naishika naizamisha. Hakuna anayenichotea maji.

Nilikwenda Ihanja kwa yule mama. Nilipiga magoti mbele yake, mimi na umri wangu, akashtuka akaniinua. "Nimekusamehe, bibi," alisema. Akaniwekea uji wa uwele. Nikiwa nakunywa akaongeza, taratibu, bila ubaya, "Lakini usiku ule kabla ya kikao nilikuwa nimeshapanga maneno ya kuwaambia wanangu nikirudi bila kazi." Uji ule sikuumaliza, nikasingizia kwamba ni wa moto.

Mjukuu aliomba kuhamishiwa kituo cha Mgori. Amepanga chumba huko. Anakuja Jumapili, analeta sukari, ananipa shikamoo, bibi. Sijamuuliza kama amenisamehe, naogopa asije akajibu kwa heshima.

Wiki chache baadaye nilifungua ukurasa ule. Huwa naufungua, kama mtu anavyogusa jino linalouma. Maneno yangu ya juu yapo bado, hakuna aliyeyafuta. Lakini chini ya mstari wa kuingiza mkono kulikuwa na picha ambayo haikuwepo. Ni mimi mlangoni, kilemba kimeninginia sikioni, mkono wote umezama kwenye gunia, na uso wangu umegeuka pembeni kidogo, uso wa mtu anayejiandaa kusema uongo. Chini yake kuna maneno machache. Nilibonyeza Historia kuona nani ameweka, ingawa nilijua.

Ameandika: "Namna ya kuingiza mkono. Bibi hapa hatafuti sindano."

Nimeyasoma mara nyingi. Siku nyingine nasikia mke mwenza akinitania. Siku nyingine nasikia mtu akiwaonya watu wa Ihanja, wa Mgori, na wote watakaokuja baada yangu, kwamba bibi huyu mnayemwona aliwahi kudanganya. Sijamwomba aitoe.